Kuandika Riwaya Ukiwa Mkristo: Sala, Saa za Kazi na Kuku wa Mnada

Mswada wa kwanza niliowahi kuumaliza ulikuwa na kurasa 212, na katika kurasa hizo watu kumi na mmoja waliokoka. Mhariri aliyeusoma, ambaye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa na hangeweza kushukiwa kuichukia Injili, aliurudisha akiwa ameandika kwa penseli juu ya ukurasa wa kwanza: "Mahubiri nimeyasikia, mtu sijamwona." Nilinuna majuma mawili. Mwongozo huu umetokana na miaka niliyoitumia baadaye kuyaelewa maneno yale, nao unamlenga Mkristo anayetaka kutunga riwaya kwa Kiswahili, ambaye imani yake ni ya kweli lakini hajui aiweke wapi katika hadithi.

Mwalimu wa kwanza wa jambo hili ni nabii Nathani. Alipotumwa kwa Daudi baada ya mambo ya Bathsheba na kifo cha Uria, hakuanza kwa kumsomea mfalme torati. Alimsimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyekula katika posho ya bwana wake, akanywea kikombe chake na kulala kifuani pake. Ukiisoma tena sura ya kumi na mbili ya Samueli wa Pili, utaona kwamba kilichomwasha Daudi hasira ni kile kikombe. Mnyama anayenywea kikombe cha nyumbani si mali tena, ni kama mtoto, na mfalme alikwisha kumhukumia kifo tajiri aliyemnyang'anya maskini mnyama huyo kabla hajajua kwamba mhukumiwa ni yeye. Neno "Wewe ndiwe mtu huyo" lilikuja baadaye. Nathani, kwa kuwa alikuwa nabii, alilazimika kulisema. Mtunzi wa riwaya anapaswa kunyamaza hatua moja kabla yake, ili msomaji ajiambie mwenyewe akiwa peke yake usiku na kitabu mkononi.

Kuhusu msukumo

Waandishi wengi wa Kikristo ninaowafahamu wanasubiri kushukiwa na Roho. Wanasema Mungu hajawapa ujumbe bado, na miaka inapita. Kwa maoni yangu, hapa tumeisoma Biblia vibaya. Katika Kutoka 31 tunaambiwa juu ya Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza roho yake, na kazi aliyojazwa roho kwa ajili yake ilikuwa kufua dhahabu na fedha, kukata vito na kuchora mbao. Roho alikuja kama ujuzi wa mikono. Luka naye, anapoianza Injili yake, hadai kwamba aliona maono. Anasema alijitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo, kisha akaandika kwa taratibu. Kama mwinjilisti alifanya utafiti, mimi ni nani nisimuulize muuguzi jinsi mgonjwa wa kifua kikuu anavyokohoa?

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Flannery O'Connor, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa Savannah, katika jimbo la Georgia, mwaka 1925. Alikuwa Mkatoliki aliyeishi katikati ya Waprotestanti wa Kusini, na ndio aliowaandika zaidi. Akiwa mwanafunzi wa uandishi katika Chuo Kikuu cha Iowa, kati ya mwaka 1946 na 1947, aliandika sala zake katika daftari. Humo alimwomba Mungu amjalie kuandika vizuri, na humohumo akajishutumu kwa kutamani sifa, jambo ambalo kila anayeshika kalamu analijua hata kama hasemi. Mwishoni mwa mwaka 1950 alipatwa na lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, ugonjwa uleule uliomuua baba yake, naye kuanzia 1951 aliishi na mama yake shambani, karibu na mji wa Milledgeville, hadi alipofariki Agosti 1964 akiwa na umri wa miaka 39. Shambani hapo alifuga tausi. Alizoea kwenda misa asubuhi, kisha akaketi kuandika kwa saa mbili au tatu, kwa kuwa nguvu zake hazikutosha zaidi. Alikiri kwamba siku nyingi aliketi bila wazo lolote kumjia. Lakini alitaka wazo likija kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, limkute mahali pake. Kwa utaratibu huo aliacha riwaya mbili na hadithi fupi zaidi ya thelathini.

Kwa hiyo, chagua saa yako na uitangaze nyumbani kama unavyotangaza saa ya ibada. Kwangu ni saa kumi na moja alfajiri, kabla maji hayajatoka bombani na kabla mtu hajauliza soksi ziko wapi. Kwa mama mwenye watoto wadogo huenda ikawa nusu saa baada ya wote kulala, na nusu saa inatosha. Ukiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa juma, katika majuma arobaini utakuwa na maneno 60,000, yaani riwaya nzima. Andika kwenye kaunta buku kama huna kompyuta. Sala ya kuanzia kazi iwe fupi. Nalisema hili kwa aibu kidogo, kwa sababu nimewahi kusali dakika arobaini ili nisiandike, nikaamka kutoka magotini nikidhani nimekuwa mtakatifu, kumbe nilikuwa nimekwepa sura ya saba.

Anza na kitu ulichokiona

Usianze na fundisho. Ukikaa mezani ukiwa umeamua kwamba riwaya yako itaonyesha umuhimu wa kusamehe, wahusika wako watakuwa wanafunzi wa darasa la katekisimu, kila mmoja akisubiri zamu ya kujibu swali. C. S. Lewis, mtunzi wa hadithi za watoto za Narnia, alieleza kwamba hadithi yake ya kwanza ya Narnia ilianza na picha tu, ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi aliyebeba mwavuli na vifurushi katika msitu wenye theluji. Picha hiyo ilimkaa kichwani tangu alipokuwa na umri wa miaka kama 16, na hakujaribu kuitungia hadithi mpaka alipofikia miaka kama 40. Imani iliingia yenyewe baadaye, kama maji yanavyopata njia.

Picha yangu ilikuwa kuku. Katika sharika nyingi za Kilutheri hapa Tanzania, ibada ikiisha watu hukusanyika nje kuuza kwa mnada sadaka za mazao: mikungu ya ndizi, trei za mayai, kuku aliyefungwa miguu. Bei hupanda kupita ya sokoni kwa sababu watu wanamtolea Mungu, na pia kwa sababu wanatazamana. Wakati mwingine mnunuzi humrudisha kuku kwa aliyemtoa, makofi yakapigwa. Nimeliona jambo hilo tangu utotoni, na siku moja nilimwona mama mmoja akirudishiwa kuku wake bila kutabasamu. Sijui kwa nini hakutabasamu. Riwaya nzima ilitoka katika kutojua huko.

Hivi ndivyo nilivyoliandika tukio hilo mara ya kwanza:

"Mama Upendo alikuwa mjane mcha Mungu ambaye, licha ya umaskini wake uliokithiri, alimtolea Bwana kwa moyo mkunjufu. Mzee Lazaro, mnafiki aliyempora shamba, alimnunua kuku yule. Ghafla Roho Mtakatifu alimgusa, akatambua uovu wake na machozi yakamtoka."

Na hivi ndivyo lilivyo baada ya rasimu ya nne:

"'Elfu thelathini,' alisema Mzee Lazaro, bila kunyanyua mkono. Aliyekuwa amefika elfu ishirini akacheka na kurudi nyuma. Mzee alihesabu noti tatu, akampokea kuku, akavuka ua mpaka aliposimama Mama Upendo. 'Namrudisha kwa mwenyewe,' alisema kwa sauti ya kusikika na wote. 'Kwa heshima ya wajane wetu.' Makofi yakapigwa, kwaya ikaanzisha pambio. Mama Upendo alimpokea kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo. 'Asante, baba.' Alikuwa akimtazama kuku, si mzee. 'Alizoea kutagia kwenye ule mgomba wa mwisho,' alisema. 'Pale ulipopitisha uzio.' Mzee Lazaro alijikuna shingo, na mkono ukabaki palepale shingoni mpaka kwaya ilipomaliza ubeti wa pili."

Tazama vilivyoondoka. Neno "mnafiki" limeondoka, na sasa msomaji ndiye anayelitamka, au analikataa, maana huenda Mzee Lazaro alidhani kwa dhati kwamba anatenda wema. "Mcha Mungu" limeondoka pia, kwa sababu mama anayemtoa kuku wa mayai wakati shamba limekatwa nusu hahitaji sifa hiyo. Uporaji wa shamba umebaki neno moja, uzio, tena katika kinywa cha mtu mwenye adabu anayesema "baba". Roho Mtakatifu hatajwi, lakini kama yupo mahali popote katika aya hiyo, yupo katika ule mkono uliosahaulika shingoni. Machozi niliyafuta kwa uchungu kweli, kwani niliyapenda. Lakini mzee wa kanisa wa umri ule halii mnadani.

Wasiwasi wa kawaida ni kwamba tukifuta hivyo tunamficha Mungu. Kitabu cha Esta, katika Kiebrania chake, hakimtaji Mungu hata mara moja, na hakuna aliyewahi kukifunga akajiuliza kama Mungu alikuwapo Shushani.

Mpe mpinzani hoja yenye uzito

Katika riwaya nyingi za Kikristo asiyeamini ni mlevi au tajiri mwenye kiburi, naye hushindwa kwa mstari mmoja wa Maandiko. Huko ni kumwogopa. Fyodor Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, alisimamishwa mbele ya kikosi cha wapiga risasi Desemba 1849, akasamehewa dakika za mwisho, akapelekwa kifungoni Siberia akiwa na Agano Jipya alilopewa njiani huko Tobolsk. Mtu aliyepitia hayo angeweza kujiona ana haki ya kuwanyamazisha wenye mashaka. Badala yake, katika riwaya yake ya ndugu wa Karamazov, alimpa Ivan, ndugu mwenye mashaka, hoja juu ya mateso ya watoto wasio na hatia, hoja nzito kiasi kwamba alipokuwa akiiandika mwaka 1879 yeye mwenyewe alihofu kama jibu alilolikusudia lingetosha.

Fanya zoezi hili. Chukua jambo lililowahi kukukosesha usingizi, tuseme mtoto aliyefariki baada ya kanisa zima kufunga siku tatu, na uandike sura moja kwa sauti ya mhusika ambaye tangu siku hiyo hakanyagi kanisani. Asiwe mkali. Awe shemeji mzuri, anayelipa ada za watoto wa ndugu zake na kucheka kwa sauti. Usimjibu katika sura hiyo, wala katika inayofuata. Kisha mpe mtu asiye wa dini yako aisome, na akitikisa kichwa kwa kukubali, umeandika vema.

Suala la miujiza linafanana na hili. Msomaji haichukii miujiza. Anachukia ikitumika kumwokoa mwandishi aliyekwama. Ukitaka mgonjwa apone kwa maombi, mponye mapema, na uponyaji wenyewe uzae matatizo. Injili ya Yohana inafanya hivyo hasa: Lazaro wa Bethania anafufuliwa katika sura ya kumi na moja, na kufika 12:10 wakuu wa makuhani wanafanya shauri la kumuua na yeye, kwa sababu mtu aliyekufa akawa anatembea sokoni ni ushahidi usiovumilika.

Lugha ya kanisani na lugha ya barazani

Wengi wetu tulijifunza Kiswahili sanifu katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, na mwangwi wake haututoki. Ni urithi mzuri, lakini ukiuacha utawale, dereva wa bodaboda atasema "tazama, nimekuja kwako" badala ya "nimefika, mama, nipo hapa getini". Sikiliza jinsi mtu mmoja anavyobadilika: kijana yule anayesema "freshi" kijiweni husema "nimebarikiwa, mpendwa" akivuka mlango wa kanisa, na nafasi iliyopo kati ya semi hizo mbili ndimo riwaya inamoishi. Kuwa mwangalifu pia na msamiati wa kila dhehebu. Mkatoliki huenda misa, ana paroko na katekista, na hukutana katika jumuiya ndogo ndogo. Mlutheri huenda ibada, ana mchungaji na mwinjilisti. Ukimwita paroko "mchungaji kiongozi", msomaji Mkatoliki atakifunga kitabu chako hapohapo, na atakuwa na haki.

Vumbi

O'Connor alisema kwamba hadithi inahusu kila kilicho cha kibinadamu, na binadamu ameumbwa kwa mavumbi, hivyo asiyetaka kuchafuka asijaribu kuandika hadithi. Katika fasihi yetu, Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Kikatoliki, aliipa riwaya yake ya mwaka 1971 jina kutoka Litania ya Bikira Maria, Rosa Mistika, akamwandika msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa viboko na kuishia kuangamia. Riwaya hiyo iliwahi kuzuiwa shuleni. Siwezi kusema kwamba ni riwaya ya kuhubiri Ukristo, wala yeye hakudai hivyo, lakini kijana Mkristo anayetaka kuandika angefaidika kuona jinsi nyumba ya waumini inavyoweza kuonyeshwa bila kupakwa chokaa.

Kanuni ninayoifuata ni kuonyesha mvuto wa dhambi pamoja na gharama yake. Ukionyesha gharama peke yake msomaji hatakuamini, kwa sababu anajua kwamba hakuna anayetenda dhambi isiyo tamu. Kuhusu chumbani, mimi husimama mlangoni pale ambapo kitanda hakina jambo jipya la kutuambia juu ya wahusika.

Kuna mpaka mwingine ulio muhimu zaidi. Yale uliyoambiwa katika maombi, katika ushauri, au na dada aliyelia kando yako kwenye mkesha, si malighafi yako. Niliwahi kumwandika mtunza hazina wa usharika mmoja nikiwa bado nina hasira naye, nikabadilisha jina tu. Sura ilikuwa mbovu, kwani hasira ilikuwa imemwondolea kila jambo jema alilokuwa nalo, na kila aliyeisoma alimtambua kwa kikohozi chake. Tangu hapo hubadilisha kazi, umri na mahali, na sianzi kabla sijaweza kumwombea mtu huyo bila kukunja uso.

Mswada unapokuwa tayari

Hapa nitapita haraka. Mchungaji wako asiwe msomaji wa kwanza. Tafuta kwanza mtu anayesoma riwaya nyingi, hata kama hasali. Usome mswada wote kwa sauti, maana ulimi hujikwaa pale jicho linapopita. Mashirika ya uchapishaji yenye mizizi kanisani, kama Central Tanganyika Press ya Dodoma, Ndanda Mission Press au Paulines Publications Africa ya Nairobi, yamezoea zaidi vitabu vya ibada na mafundisho, kwa hiyo uliza kwa barua kama wanapokea riwaya kabla ya kutuma kurasa 300. Ukichapisha mwenyewe nchini Tanzania, namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Na mkataba usomwe wote, hasa kifungu cha mirabaha, yaani malipo yako kutokana na mauzo ya kitabu, na cha haki za tafsiri, hata kama anayekupa kalamu ya kutia saini amefungua kikao kwa sala.

Kabla ya kutuma, rudi kwenye ukurasa wa mwisho, kwa kuwa ndipo mhubiri aliyefukuzwa tangu sura ya kwanza huja kudai haki yake. Kumbuka kwamba katika Luka 15 tunamwacha kaka mkubwa nje, baba akimsihi, wala hatuambiwi kama aliingia kwenye karamu. Kitabu cha Yona kinakatika kwenye swali, Mungu akiuliza juu ya watu zaidi ya 120,000 wa Ninawi na wanyama wao wengi, na jibu la Yona hatulisikii. Funika kwa mkono aya yako ya mwisho na usome inayoitangulia. Kama hadithi imesimama, ifute ile iliyofunikwa, kisha ufunike nyingine.

Mimi nilifunika na kufuta hivyo mpaka nikapoteza kurasa nne, ikiwemo ile ambayo Mzee Lazaro alisimama mbele ya usharika na kutoa ushuhuda. Sasa Mama Upendo anafika nyumbani jua likiwa linazama, anamweka kuku chini, anafungua kamba ya katani miguuni, na kuku anajikung'uta, kisha anakwenda moja kwa moja mpaka kwenye uzio.